Kuangalia ndege Kisumu na Magharibi msimu wa viota: mwongozo kamili wa kuona bila kuharibu

Mvua ndefu ikishashika huku kwetu Kisumu, kila mahali ni viota. Mnana wamejaa kwa miti ya shule, mbayuwayu wanabeba matope wakijenga kwa veranda za watu, korongo wanapita juu na vijiti mdomoni. Alafu zinaanza picha kwa simu: mtu amepata kiota, ameinama juu yake mpaka mayai yote matatu yanaonekana, na chini ameweka pini ya ramani ndio wengine nao waende waone. Mwenye ametuma hana ubaya, amefurahi tu. Lakini hiyo pini inafika kwa mtu wa kuiba vifaranga vilevile venye inafika kwako, na ata kama hakuna mwizi, watu ishirini wakipita hapo wikendi moja hicho kiota kimeisha.

Msimamo wangu ni huu na ndio utauona kwa kila hatua hapa chini: ndege mwambie kila mtu, kiota kaa nacho.

Hatua ya kwanza: jua msimu na masaa

Mvua ndefu huku ni Machi hadi Mei, zile fupi kitu Oktoba hadi Desemba mapema. Ndege wengi wanafuata mvua juu hapo ndio kuna wadudu, mbegu, vyura na nyasi mbichi za kujengea. Kakamega mvua inanyesha karibu mwaka mzima kwa hivyo kule usishangae kupata ndege analea vifaranga mwezi wenye hukutarajia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe ushafika mahali unaenda. Kufika saa nne jua limepanda na ndege wameingia kivulini wamenyamaza. Jioni saa kumi na moja kuendelea pia ni poa, hasa ukitaka kuona makundi yanarudi kulala.

Na hapa kuna kitu watu wengi hawajui. Mzazi akikaa juu ya mayai si lazima awe anayapasha joto, jua kali la saa saba anayapoza, anasimama juu yake amefungua mabawa kama mwavuli. Ukimfukuza saa hiyo, yai linaiva kwa jua. Kwa hivyo kama kuna kiota unakijua, saa sita hadi saa tisa mchana usikikaribie kabisa, na mvua ikinyesha pia usikikaribie.

Hatua ya pili: vitu vya kubeba

Darubini ndio kitu cha kwanza, na ata ya mtumba inatosha kama lenzi hazina ukungu ndani. Utaona imeandikwa namba kama 8x42 au 10x42: ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Watu hukimbilia 10 wakidhani ndio bora, lakini ukiwa kwa mashua 10 inatetemeka mpaka unaona kizunguzungu. Chukua 8.

Simu iwe na Merlin, programu ya kutambua ndege kwa picha, na uishushie ile pakiti yenye ndege wa Kenya ukiwa na waifai kabla hujatoka, usije ukamalizia bando yote kwa beach. Ya kurekodia nitaieleza mbele. Nguo za rangi ya majani au udongo, kofia, gamubuti, maji, na daftari ndogo na penseli, juu wino wa kalamu ukinyeshewa hausomeki tena.

Usiingie ziwani na miguu mitupu kutafuta picha. Kichocho kiko na viboko wako.

Hatua ya tatu: chagua mahali

Mimi ningeanza Dunga, beach ya Ziwa Victoria, ni karibu na mji na kuna ndege wenye huwezi kuwaona ukiwa Nairobi ata ukae miaka. Ukifika beach ulizia wale vijana na wazee wanaotembeza wageni, kubalianeni bei kabla ya kupanda mashua, vaa jaketi ya kuokolea. Kuna pia ile njia ya mbao inaingia ndani ya mafunjo, hiyo ni nzuri kwa mtu anaogopa maji.

Nyota wa Dunga ni tiva wa mafunjo, kwa programu utamkuta kama Papyrus Gonolek. Anaishi ndani ya mafunjo tu, yale watu wa beach wanaita togo, na mafunjo yakikatwa yote yeye hana pa kuhamia. Kifua chekundu cha kuwaka, mgongo mweusi, utosi wa manjano, na mstari mweupe kwa bawa. Huyo mstari na huo utosi ndio siri, juu kuna binamu yake mwenye kichwa cheusi kabisa na bawa jeusi anayekaa kwa vichaka na bustani za watu Kisumu nzima, na kila mgeni akiona nyekundu anapiga kelele amempata. Tulia, angalia utosi. Huyu wa mafunjo utamsikia kabla ya kumwona, dume na jike wanajibizana, alafu wananyamaza na wewe unabaki unaangalia majani. Ngoja. Usimwambie mwenye mashua aingize pua ya mashua ndani.

Nasema hivyo juu hao wenzetu wa mashua wamezoea wageni wanaotaka kufika karibu, na wanaamini ukikosa picha hutawaongezea kitu. Mwambie mapema, kabla ya safari: "Mzee, mimi sitaki tuingie ndani, tukae hapa nje, tukikosa hakuna neno." Kama ni kijana wa rika lako, "omera" inatosha. Utashangaa venye safari inabadilika, ata yeye mwenyewe anaanza kukuonyesha vitu kwa utulivu.

Upande wa barabara ya kwenda Ahero kuna Kisumu Bird Sanctuary, huko korongo, yangeyange, mnandi na kwarara hutaga pamoja, na wakati wake mzuri ni Aprili na Mei. Ukitaka kinamasi kikubwa zaidi nenda Yala, kule Siaya na Busia, ndio kinamasi cha mafunjo kikubwa kuliko vyote Kenya. Korongo wenye taji utawapata Saiwa karibu na Kitale. Na Kakamega, ingilia Isecheno au Buyangu, ni msitu wa aina ya Kongo uliobakia huku mashariki, una hondohondo wakubwa wa weusi na weupe na yule shorobo mkubwa wa bluu anayerukaruka kwa matawi.

Nakuru ni story tofauti kidogo. Flamingo wakicheza ngoma yao ziwani watu wanasema wanajenga, lakini wale wa aina ndogo wa Afrika Mashariki kwa kawaida wanataga Ziwa Natron, Tanzania. Nakuru wamekuja kula. Kosa la Nakuru ni kuwarusha ndio upate vidio ya pinki angani, kila mruko ni chakula wamepoteza. Kiota cha kuchunga upande ule ni cha mwari (pelican), Ziwa Elmenteita, kwa vile visiwa vya mawe. Mwari wazima wanasafiri mpaka Nakuru kuvua samaki na kurudi. Hivyo visiwa angalia kutoka ng'ambo na darubini, basi, juu wazazi wakiruka maribu hawachelewi kufika kwa mayai.

Hatua ya nne: jua kuna kiota kabla hujakiona

Hii ndio sehemu watu hukosea, wanadhani wako salama juu hawaoni kiota. Kiota kizuri hakionekani, hiyo ndio kazi yake. Soma ndege badala ya kutafuta majani.

Ndege amebeba nyasi au manyoya, anajenga. Amebeba mdudu mdomoni na hamli, ana vifaranga. Ametoka kichakani na kitu kidogo cheupe kama kifuko mdomoni, hicho ni kinyesi cha kifaranga anakitupa mbali, maana yake kiota kiko hapo alipotokea. Anakuzunguka akilia sauti moja tu bila kupumzika, anakwambia ondoka. Na yule ndege anaitwa kiluwiluwi wa uwanjani, yule mwenye miguu mirefu anayepiga kelele usiku, akianza kuburuta bawa chini kama limevunjika, hajaumia. Anakuvuta umfuate uache mayai. Simama palepale, angalia chini ya miguu yako vizuri, juu mayai yake yako wazi kwa udongo na yana rangi ya udongo, alafu rudi kwa nyayo zako zilezile.

Hatua ya tano: umbali

Watu hupenda kuuliza ni mita ngapi. Hakuna mita. Yangeyange wa soko la samaki anakuacha upite karibu umguse, na mwenzake wa kinamasini anaruka ukiwa mbali ata hujatoa darubini. Anayepima ni ndege mwenyewe.

Fanya ivi. Simama mbali, angalia anafanya nini kabla hajakujali: anaingia, anatoka, analisha. Sogea kidogo, simama tena. Akinyoosha shingo akakukazia macho, hapo ndio mpaka wako, usiongeze hatua. Akiwa na chakula mdomoni na haingii, anazunguka tu kwa matawi, ushapita mpaka, rudi nyuma mpaka aingie. Mimi nampa dakika tano, zikiisha kama bado hajaingia naondoka kabisa, sibaki nikijificha nyuma ya mti nikidhani hanioni. Ananiona.

Isipokuwa kwa mayai ya chini kama yale ya kiluwiluwi, usifike kwa kiota alafu urudi njia ileile. Pita kando kama mtu ana safari zake, juu nyasi ulizokanyaga zikiishia pale kwa kiota ushamchorea kenge na paka njia. Na kabla ya kusimama, tazama juu: kama kuna kunguru au tumbili wanakuangalia, endelea na safari. Kunguru ana akili, anajua binadamu akiinama mahali kuna kitu. Mkiwa kundi gaweni wawili wawili, wengine wakae mbali wapige story zao.

Wale wanaohitaji uangalifu wa ziada

Kundi la korongo na yangeyange kwa mti mmoja. Hapa hasara yake ni kubwa juu ukishtua mmoja wanaruka wote. Vifaranga wanaogopa wanatambaa nje ya kiota, wanaanguka, na aliyeanguka mara nyingi wazazi hawamfuati chini. Usipite chini ya mti, usipige makofi, usirushe kitu. Kaa pembeni penye utawaona kwa ubavu. Utanusa pia, zoea.

Yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya gugumaji, Jacana. Anataga mayai juu ya majani machache yaliyolowa, hakuna kiota cha maana, na anayekalia ni baba. Vifaranga wakitoka baba anawabeba chini ya mabawa, unaona miguu midogo inaning'inia. Shida yake ni mawimbi ya injini. Ukipita karibu na gugumaji msimu huu mwambie nahodha azime au apige kasia, wimbi moja linatosha kuosha mayai yote.

Korongo mwenye taji. Tangu 2012 yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka, na huku kwetu vinamasi vinakaushwa kulima na vifaranga vinachukuliwa kufugwa uani. Anajenga katikati ya nyasi za majimaji, anataga mayai mawili au matatu, anakalia karibu mwezi. Ukiwaona wawili wamekaa kinamasi kimoja wiki baada ya wiki, mmoja anapotea majani yamemficha, hapo kuna kiota. Usiingie. Kama ni shamba la mtu bisha hodi kwanza, ongea na mwenye boma, mara nyingi mama wa hapo anajua yote na ndiye mlinzi wa maana kuliko wewe uliyekuja na boda. Mwombe tu asikate nyasi upande ule mpaka vifaranga vitembee.

Hondohondo wa Kakamega. Jike anaingia shimo la mti na mlango unazibwa kwa matope na kinyesi mpaka kunabaki ufa mwembamba, na dume analeta matunda kupitia hapo kwa miezi kama minne. Sasa fikiria umekaa chini ya mti huo na kundi lako na chipsi zenu, dume anaogopa kushuka. Anayelala njaa ni jike na mtoto, na hawana pa kutokea. Kama unasikia mabawa yake yanakuja kwa mshindo alafu yanageuka, ni wewe, hama.

Bundi na fundichuma (Hamerkop). Hapa shida si kamera, ni imani. Bundi akilia kwa paa wazee wanasema kuna msiba, na kile kiota cha fundichuma, ule mlima wa vijiti, watu wengi hawataki ata kuukaribia. Hiyo ya pili imemsaidia sana fundichuma, kusema ukweli. Kwa bundi usibishane na mzee wa watu kuhusu msiba, mwambie habari ya panya: bundi wa darini usiku kucha kazi yake ni panya, na mwenye mahindi stoo anaelewa hiyo lugha haraka.

Picha, sauti na droni

Usikate jani ata moja ndio picha itoke safi. Hilo jani ndilo kivuli na ndilo pazia. Flashi zima. Usisogeze tawi "kidogo tu alafu nitarudisha".

Kucheza sauti ya ndege kwa spika ndio atokee: msimu wa viota acha. Dume anadhani mwenzake amemvamia, anaacha kazi ya kulisha anakuja kupigana na simu yako. Pale Dunga tiva anasumbuliwa na kila mgeni, kwa hivyo ata kama wewe utacheza mara moja, yeye leo ashasikia wengine.

Droni juu ya viota ni hapana, na Kenya droni inahitaji kibali cha KCAA, wale wa usafiri wa anga, ndani ya mbuga na cha KWS, wale wa wanyamapori, pia. Ndege anaiona kama mwewe.

Ukipata kifaranga chini

Angalia manyoya. Kama yuko uchi, macho bado, na unaona kiota na unakifikia bila kuvunja kitu, mrudishe. Ile ya kwamba mama atanusa mkono wa mtu amkatae si kweli. Kama ana manyoya na anarukaruka, huyo hajaanguka, anajifunza, mzazi yuko karibu anangoja utoke. Mweke tu kwa tawi, funga paka na mbwa, ondoka.

Usimpe maziwa, mkate wala uji, na usimmwagie maji mdomoni, yanaingia njia ya hewa. Na usimpeleke nyumbani akawe wa watoto, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga ndege wa porini bila kibali. Mkubwa aliyeumia, tai au korongo mwenye taji, mfunike na kitambaa akae gizani na utulivu alafu pigia ofisi ya KWS iliyo karibu.

Kurekodi na kushiriki

Ulichoona kina faida kikiandikwa. Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, inatumia programu ya BirdLasser: nchi imegawanywa miraba, kila mmoja kama kilomita 9 kwa 9, na orodha kamili inataka angalau masaa mawili ya kutafuta kwa bidii ndani ya mraba, unaandika kila aina ile siku umeiona kwa mara ya kwanza, unaeza kuendelea kuongeza mpaka siku tano. Inafanya kazi bila mtandao. eBird, programu nyingine ya kurekodi, nayo ni nzuri, na ina alama za kuonyesha ndege anajenga, amebeba chakula, au yuko na vifaranga. Jaza hizo, ndizo zinasaidia kujua ndege wetu wanataga lini.

Ila mahali pa kiota usiandike. Kwa eBird chagua jina la eneo lililoko tayari, kama Dunga, usipige pini pale uliposimama. Zima lokesheni ya kamera kwa setingi za simu. Picha ukiituma WhatsApp kama dokumenti inaenda na lokesheni yake yote ndani. Angalia na nyuma ya picha, mnara wa kanisa ukionekana kila mtu wa mtaa anajua ni wapi. Ya kiota chenyewe ngoja vifaranga waruke, alafu tuma ata kumi.

Kiota kikiwa kwako

Mbayuwayu wa veranda: pigilia kipande cha mbao au karatasi ngumu chini ya kiota kuzuia kinyesi, inatosha. Mnana wa kwa mti ndio hugombanisha majirani. Kabla ya kukata jua kwamba dume anajenga viota vingi na jike anakataa vingine, kwa hivyo si vyote vina watu. Cha kijani ni kipya, cha kahawia ni cha zamani, lakini usiamini rangi peke yake, kaa na chai yako asubuhi uangalie ni viota gani jike anaingia na chakula. Kutoka yai mpaka mtoto kuruka ni kama mwezi na siku kadhaa, na hawaanzi wote siku moja.

Kama lazima upunguze matawi, subiri Januari au Februari kukavu, na ata hapo kagua kwanza, juu huku ziwani kuna wanaotaga wakati wowote. Funga kitambaa chekundu kwa tawi lenye kiota. Fundi wa miti akija na panga mwonyeshe hivyo vitambaa kabla hamjaongea bei, juu akishapanda na amelipwa nusu anakata chenye kiko karibu na mkono.